Mara mbili motoni: biscotti za chungwa na rozmari

Katika mji wa Prato, karibu na Florence, lipo duka la biskuti lililoanzishwa mwaka 1858 na mwokaji aitwaye Antonio Mattei. Biskuti zake huuzwa hadi leo katika mfuko wa karatasi ya buluu iliyokoza, umefungwa kwa uzi, na ndani yake hamna maajabu: unga wa ngano, sukari, mayai, lozi na njugu za msonobari. Siagi haimo. Hamira haimo. Mwaka 1867 biskuti hizo zilitajwa kwa sifa katika Maonyesho ya Dunia ya Paris, na jina la Prato likashikamana nazo.

Watoskana wenyewe huziita cantucci. Kwa Mwitaliano, biscotti ni biskuti ya aina yoyote. Sisi wengine wa nje ndio tuliolifunga jina hilo kwenye vile vipande virefu vilivyokatwa mshazari. Neno lenyewe lina asili ya Kilatini: bis, mara mbili, coctus, iliyopikwa. Biskuti yetu ya Kiswahili ni ya ukoo huohuo, ingawa ile ya paketi inayouzwa dukani huingia motoni mara moja tu. Jina limebaki, kazi imepunguzwa.

Kuoka mara mbili hakukuanza kama anasa. Mabaharia wa zamani walihitaji mkate wa kukaa melini miezi kadhaa, na mkate usio na maji ndani yake hauna pa kuoteshea ukungu. Ukielewa hilo umeielewa nusu ya kazi: biscotti ni biskuti iliyokaushwa kwa makusudi. Nusu ya pili ni kinyume cha hiyo. Moto unaofukuza maji hufukuza na harufu, na ndiyo maana biscotti nyingi za nyumbani, hata za mikahawa ya bei, huandikwa kwamba ni za chungwa kisha mlaji akatafuna utamu mtupu. Mwokaji wa biscotti za matunda jamii ya chungwa na majani ya kunukia ana swali moja la kujiuliza kabla hajagusa unga: harufu gani itatoka salama kwenye moto wa pili?

Juisi haitoki salama. Mwenye kukamulia chungwa zima kwenye unga hupata donge linalonata vidoleni, na biskuti yake hainukii chungwa hata kidogo, kwa kuwa juisi kwa sehemu kubwa ni maji. Harufu imo kwenye ngozi. Anayebisha achukue kipande cha ganda bichi, akikunje karibu na mshumaa unaowaka: vile vitone vinavyoruka na kulipuka cheche ni mafuta, yaliyohifadhiwa katika vifuko vidogo vinavyoonekana kwa macho kama vinyweleo vya ngozi. Katika chungwa, karibu mafuta yote hayo ni kitu kimoja kiitwacho limonini. Hicho ndicho unachokinunua unaponunua chungwa la biscotti; nyama yake iliwe mezani.

Basi chagua tunda kwa ganda lake. Chungwa la Muheza, mkoani Tanga, mara nyingi huwa limeiva na tamu huku ngozi bado ni ya kijani, kwa sababu rangi ya kijani huondoka vizuri pale tu usiku unapokuwa wa baridi, na usiku wa Muheza si wa baridi. Rangi hiyo isikutishe. Ganda la kijani linanukia vilevile, na biskuti itakayotoka itakuwa na madoa ya kijani yanayopendeza. La kuangalia zaidi ni machungwa yanayong'aa kama yamepigwa rangi ya kiatu, hasa yaliyosafiri kutoka mbali. Hayo kwa kawaida yamepakwa nta ili yasinyauke njiani. Yaoshe kwa maji ya moto, yasugue kwa brashi, yafute yakauke.

Kwaruza ganda kabla ya kulikamua tunda, tena kwa kikwaruzo chenye matundu madogo kabisa. Pita mara moja, geuza tunda, pita tena. Ukifika kwenye nyeupe umepita mpaka. Ule utando mweupe ni mchungu, na uchungu wake, tofauti na harufu, haukimbii moto.

Halafu fanya jambo ambalo mapishi mengi hayalitaji. Mimina sukari yote kwenye bakuli, tia ganda lililokwaruzwa, ufikiche kwa ncha za vidole kwa dakika mbili au tatu. Chembe za sukari hukwaruza vile vifuko vya mafuta na kuyanywa yanayotoka. Utajua umefika sukari inapokuwa na unyevu kama mchanga wa ufukweni maji yakishakupwa, na jikoni kote kunanukia. Mafuta yaliyonyonywa na sukari husambaa kwenye donge zima badala ya kukaa kwenye vipande vya ganda. Kazi hii ya dakika tatu inaleta tofauti kubwa kuliko kuongeza chungwa la tatu.

Majani nayo yana tabia zake. Rozmari, inayopandwa kama ua katika bustani nyingi za Nairobi na kukatwa kila mwezi bila kufika jikoni, ndiyo mfalme wa kazi hii. Jani lake ni gumu, lina mafuta mengi, na harufu yake ya utomvu wa mti hustahimili oveni. Ila likatwekatwe hadi liwe kama vumbi: jani zima la rozmari likishakauka mara mbili hugeuka mwiba wa samaki kinywani. Zaatari nayo huvumilia moto, na majani yake madogo hayahitaji kukatwa sana. Inakwenda vizuri mno na limau.

Mrehani na nanaa ni habari nyingine. Majani hayo laini yakiingia oveni hutoka meusi, na yale uliyoyapendea yamepotea. Nanaa iende kwenye chai itakayonywewa na biskuti. Kuhusu mchaichai, harufu yake inafaa ila nyuzi zake hazitafuniki, kwa hiyo hautiwi kwenye donge. Ponda shina moja, lilaze kwenye siagi inayoyeyuka juu ya moto mdogo kwa dakika 20, chuja, na utumie siagi hiyo. Anza na siagi iliyozidi kidogo kuliko kipimo, maana shina nalo litabaki na lake.

Sasa vipimo, vya kutosha biskuti kama 30. Unga wa ngano wa kawaida gramu 280, yaani vikombe viwili na robo. Usiwe ule uliochanganywa tayari na beking pauda. Sukari gramu 150, robo tatu ya kikombe. Siagi gramu 60, vijiko vinne vya chakula, iyeyushwe ipoe. Beking pauda kijiko kimoja cha chai, chumvi nusu kijiko. Ganda la machungwa mawili na la limau moja. Rozmari mbichi iliyokatwakatwa kijiko kimoja cha chakula. Ikiwa ni kavu, kijiko kimoja cha chai kinatosha. Korosho gramu 100, zilizokaangwa bila mafuta na kupasuliwa vipande viwili viwili.

Na mayai mawili. Hapa wengi hukosea bila kujua. Mapishi yaliyoandikwa Ulaya au Marekani yanahesabu yai kubwa, lenye gramu 50 hivi likishatolewa ganda. Yai la kuku wa kienyeji mara nyingi halifiki hapo. Kama una mizani, pima gramu 100 za mayai yaliyovunjwa. Kama huna, tia mayai matatu madogo.

Mtu wa Prato akiona siagi na beking pauda atatikisa kichwa, na ana haki yake. Biskuti ya Mattei haina vitu hivyo na ni ngumu kwelikweli, imeundwa ichovywe kwenye Vin Santo, mvinyo mtamu wa Toscana, kabla meno hayajaigusa. Siagi hulainisha, kwa kuwa mafuta huuzuia unga kufunga nyuzi zake kwa nguvu. Beking pauda hufungua vitundu vya hewa. Anayetaka ugumu wa asili aache vyote viwili na aongeze yai dogo moja. Ladha ya mwandishi wa makala haya iko na siagi, kwa sababu moja tu: mafuta ya ganda na ya rozmari huyeyuka ndani ya mafuta mwenzao na kukaa humo. Kuhusu korosho badala ya lozi, si kwa ajili ya bei peke yake. Lozi ni ngumu, kisu kikiikuta hukwama na kukivunja kipande. Korosho hukatika pamoja na biskuti.

Washa oveni, nyuzi 175 za Selsiasi. Tia rozmari kwenye ile sukari yenye ganda, fikicha tena kidogo. Ongeza mayai, piga kwa mchapo mpaka mchanganyiko uwe mzito na kupauka, kisha mimina siagi. Chekecha unga, beking pauda na chumvi juu yake, geuza kwa mwiko, na kabla unga haujapotea wote tia korosho. Acha hapo. Huu si unga wa chapati. Ukiukanda utapata biskuti ya kuvunjia meno. Donge litanata, na kishawishi kitakuwa kuongeza unga. Usiongeze. Lifunike, liweke kwenye friji dakika 15, lowesha viganja kwa maji, ndipo ulishike.

Gawa donge mara mbili, kila nusu iwe gogo la urefu wa sentimita 25 na upana wa 6 au 7, lililobanwa juu liwe bapa kidogo. Yaweke kwenye trei iliyotandikwa karatasi ya kuokea, mbalimbali, maana yatatanuka. Oka dakika 25 hadi 30. Gogo lililoiva lina rangi ya dhahabu pembeni, limepasuka pasuka juu, na ukilibonyeza katikati linarudi. Likibaki na shimo la kidole, lirudishe, kwa kuwa kasoro ya hapa haitengenezeki mbele: katikati palipo pabichi hapakauki kwenye moto wa pili, panakuwa kama mpira.

Kisha subira. Likatwe la moto sana, litabomoka. Likatwe limepoa kabisa, litapasuka vipande vikali. Dakika 15 zinatosha, likiwa bado vuguvugu na unaweza kulishika. Tumia kisu cha mkate chenye meno, kiende mbele na nyuma kama msumeno bila kukandamiza, mshazari, kila kipande unene wa sentimita moja na nusu. Vya mwanzo na mwisho havitakuwa na sura. Hivyo ni vya mwokaji, na hakuna anayedai hesabu yake.

Moto wa pili hauivishi, unakausha. Kwa hiyo shusha oveni hadi nyuzi 150. Panga vipande vikiwa vimelala, oka dakika 10, vigeuze kimoja kimoja, oka dakika 10 nyingine. Wanaoacha oveni kwenye 175 ili wamalize upesi hupata biskuti yenye kingo za kahawia na kiini laini, na ganda la chungwa lililoungua, lenye ladha ya dawa. Vikitoka vitakuwa bado vinanepa kidogo ukivishika. Ni sawa. Ugumu huja vikipoa, na mwenye wasiwasi anayevirudisha mara ya tatu hutengeneza vigae.

Oveni nyingi za gesi majumbani hutoa moto chini tu. Hizo zinataka trei ikae tundu la juu ya katikati, na igeuzwe mbele nyuma katikati ya muda.

Asiye na oveni hana sababu ya kukaa pembeni, kwa sababu pwani imeoka kwa makaa ya juu na chini tangu zamani, na mkate wa kumimina ni ushahidi tosha. Chukua sufuria nzito, tandika mchanga mkavu kimo cha vidole viwili, ipashe moto dakika 15 ikiwa imefunikwa. Weka ndani kibati au sinia dogo lenye magogo mafupi, ya urefu wa kiganja, funika kwa mfuniko bapa na uweke makaa juu yake. Mengi yawe juu, chini yabaki machache, la sivyo utaokota biskuti zilizoungua matako. Chungulia baada ya dakika 20, si kabla. Na hapa makaa yanaipita hata oveni: moto wa pili unapohitajika, makaa yenyewe yameshaanza kuvaa majivu na joto limeshuka bila mtu kugusa kitu. Panga vipande, funika ukiacha upenyo mdogo wa mvuke kutoka, uendelee na shughuli zako huku ukikumbuka kuvigeuza.

Mahali pa kuokea napo panabadilisha mambo. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, beking pauda hufura kwa nguvu zaidi na gogo linaweza kupanda kisha likabonyea. Punguza pauda iwe robo tatu ya kijiko. Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam hazina shida hiyo, zina ya kwao: hewa imejaa maji, na biskuti kavu huyanywa kama sifongo. Bakuli la biscotti lililoachwa wazi mezani asubuhi, jioni limeshalegea. Ziingie kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana mara tu zinapopoa kabisa, na si kabla, kwa kuwa mvuke wa biskuti vuguvugu ukifungiwa ndani unazilainisha kwa maji yao wenyewe. Kopo likifungwa vizuri hukaa wiki mbili, hata tatu.

Ukishaizoea ya chungwa na rozmari, badilisha. Limau na zaatari, pamoja na pilipili manga kidogo iliyosagwa papo hapo, hutoa biskuti inayokaa vizuri hata na jibini. Ndimu na siagi ya mchaichai inataka ganda la ndimu nne au tano, kwa sababu ni dogo na jembamba. Chenza lina ganda laini linalokwepa kikwaruzo. Ligandishe kwanza kwenye friza kwa saa moja, ndipo litakubali, na iliki ndiyo mwenzake. Mwenye bahati ya kupata danzi, lile chungwa chungu ambalo jamii yake Waingereza hupikia jamu ya maganda, alitumie moja tu pamoja na shamari iliyopondwa. Lina nguvu.

Kuna wanaopenda kupaka sukari juu. Hapo ndipo ile juisi iliyokataliwa mwanzoni inapopata kazi: sukari laini ya unga gramu 100 na vijiko vinne vya chai vya juisi ya limau, ikorogwe iwe nzito, ichuruzishwe kwa uma juu ya biskuti zilizopoa. Uchachu haujapita motoni, kwa hiyo unafika kinywani mzima. Kwa Nairobi au Arusha inakauka ndani ya saa moja. Pwani, siku za mvua, inaweza kubaki ikinata hadi kesho yake, na afadhali uiache.

Biscotti hizi za kuchovya zinataka kinywaji chungu. Kahawa chungu inayomiminwa kutoka kwenye dele hadi kikombe kidogo kisicho na mkono, ile ambayo wazee wa Mombasa na Zanzibar hunywa na kashata au haluwa barazani, inaipokea biscotti ya chungwa kama wamezaliwa pamoja. Kikombe chenyewe ni kidogo, biskuti ni ndefu. Iingie kwa ncha, hesabu hadi tatu, itoke. Ikifika tano inabaki humo.

Zikilegea, oveni ya nyuzi 140 kwa dakika nane inazirudisha, au kikaango kikavu juu ya moto mdogo kabisa, kila upande dakika tatu. Na zile zilizovunjika wakati wa kukata zipondwe kwa chupa, ziwekwe kwenye mtungi wa peke yake: zikinyunyizwa juu ya embe lililokatwa, hazifiki jioni.